Shada Mlangoni kwa Bi Gerda

Nyinyi walimu vijana mliokuja hapa Mgori kuniuliza koti gani linafaa kwa baridi ya Ujerumani, niliwajibu ovyo siku ile. Mbuzi walikuwa wameingia kwenye alizeti yangu na akili yote ilikuwa huko. Sasa mbuzi wamefungwa, nimekaa, nawajibu vizuri. Koti nunueni lolote. Baridi haijamrudisha mwalimu hata mmoja. Kinachowarudisha walimu nyumbani kabla ya muda wao ni Desemba, na mimi ilibaki kidogo tu inirudishe.

Mnaijua Desemba ya huku. Watoto walioko Dar na Mwanza wanarudi na mabegi, kuku wanakimbizwa tangu alfajiri, Waislamu wanakuja kwetu kula pilau kama sisi tulivyokwenda kwao siku ya Idi, na mtu ukipita nyumba hadi nyumba bila kualikwa unarudi kwako jioni umeshiba hadi unatembea kwa shida. Kule, sikukuu ikikaribia, mwenye familia anaingia ndani na familia yake na kufunga mlango. Asiye na familia naye anaingia ndani na kufunga mlango. Barabarani unabaki wewe na theluji. Mwalimu aliyenitangulia alirudi kabla ya mwaka mpya akasema ni tumbo. Aliyemtangulia huyo alisema ni macho. Hakuna aliyesema ni upweke, maana mtu mzima hawezi kusimama mbele ya mkuu wa shule akasema neno hilo.

Shule yetu ilikuwa na urafiki na mji mmoja mdogo kule, wao wanapokea mwalimu wa kuwafundisha Kiswahili watu wazima. Mkuu wa shule aliponisindikiza stendi ya Singida alinishika mkono, akakataa kuuachia.

"Ntandu," akasema, "wale wenzetu wamechoka kupokea walimu wanaougua Desemba. Na wewe ukirudi kabla ya mwezi wa sita, nafasi hii imekufa. Hatakwenda tena mwingine."

Kwa hiyo niliondoka nimebeba nafasi yenu, ingawa wakati huo nyinyi mlikuwa bado mnavaa viatu kwa kugeuza, cha kushoto kulia.

Kabla sijafika Desemba, neno moja la kazi. Mtakapoingia darasani kule, wanafunzi watawadai ngeli siku ya kwanza. Wanazitaka zote, zikiwa zimepangwa kwenye jedwali, na wamekuja na rula. Msiwape. Mimi nililelewa kazini na Mwalimu Mkumbo, pale Kilimatinde, naye alikuwa akisema lugha inaanzia mlangoni. Alifundisha hodi na karibu mpaka watoto waanze kuziota. Siku moja alisimama nje ya darasa akapiga hodi, watoto wakawa wanamkodolea macho tu, hakuna aliyejibu. Mvua ikaanza kunyesha. Mkumbo hakuingia. Alipiga hodi nyingine na nyingine, analowa, mpaka binti mmoja wa nyuma akamwonea huruma akasema, "Karibu ndani, mwalimu." Alipoingia, chaki mfukoni mwake ilikuwa imeshakuwa uji. Lile darasa halikusahau kamwe.

Basi na mimi kule niliwatoa watu wazima nje, koridoni, mmoja mmoja, wapige hodi. Mwanafunzi wangu mkubwa kuliko wote alikuwa Bwana Uwe, mstaafu wa posta. Alipoingia akaniambia, "Mwalimu, mimi nimegonga milango ya mji huu maisha yangu yote, na sijawahi kuambiwa karibu." Darasa likacheka. Mimi nilidhani ni utani.

Kosa langu lilikuwa shikamoo. Niliifundisha mapema mno, nikawaeleza kwamba anapewa aliyekuzidi umri. Kipindi kilichofuata darasa zima lilisimama likamwamkia Uwe kwa pamoja. Mzee wa watu akajiangalia mikono. Akinamama wawili wa mstari wa mbele nao wakagombana nani amwamkie nani, hadi mmoja akatoa kitambulisho chake kwenye mkoba kuthibitisha kwamba yeye ndiye mdogo. Huku kwetu mtu akikosa shikamoo anakasirika, kule anakasirika akiipata. Fundisheni, lakini kwanza mjue mnaongea na nani.

Sasa nyumbani. Nilipangishiwa chumba kwa Bi Gerda, mjane, mrefu, aliyevaa nguo nyeusi siku zote na kutembea kama mtu anayechelewa. Siku ya kwanza alinionyesha nyumba. Hapa jiko, hapa bafu, hapa ndoo za takataka, nne, kila moja na rangi yake. Sebuleni akanionyesha makochi, nikae popote nitakapo. Kisha akaonyesha kiti kimoja cha ngozi ya kahawia karibu na dirisha.

"Hiki hapana," akasema. "Hiki ni cha Heinrich."

Heinrich alikuwa mumewe. Alikuwa amefariki miaka michache kabla sijafika. Nilisema pole, yeye akasema asante, akanionyesha swichi ya taa.

Tangu hapo tuliishi kwa heshima kubwa na maneno machache. Asubuhi njema, usiku mwema, na ganda la yai haliingii ndoo ya njano. Mimi niliyezoea kuongea hata na kuku wangu, nikawa narudi kutoka darasani, napita sebuleni kwa kunyata, naingia chumbani na kuwasha redio ili nisikie mtu tu. Ilipofika mwisho wa Novemba nilikuwa nimeshaanza kujisikia tumbo.

Ndipo Jumapili moja nikarudi kutoka kutembea nikakuta shada limetundikwa mlangoni kwa Bi Gerda.

Shada la duara, la majani mabichi, na utepe. Nyinyi mnajua shada ni la nini. Nilivua kofia pale pale kwenye theluji. Nikaingia taratibu, nikamkuta Bi Gerda na nguo zake nyeusi amekaa peke yake mezani, na mezani kuna shada jingine limelala, lina mishumaa minne, mmoja tu ndio unawaka. Nyumba kimya. Kanisani kwetu Mgori kipindi cha Majilio tunakijua kwa kitambaa cha zambarau madhabahuni, basi. Mambo ya mashada mlangoni na mishumaa mezani sikuwahi kuyaona, wala hakuna aliyeniambia.

Kwetu humuulizi mfiwa nani amekufa. Unatoa pole, unakaa, habari utaipata polepole. Kwa hiyo niliinamisha kichwa, nikamwambia pole kwa Kijerumani changu. Akaangalia viatu vyangu vilivyodondosha maji sakafuni, akasema, "Si kitu, mara nyingine ufute mlangoni." Nikasema moyoni, huyu mama ana moyo wa chuma.

Jumapili ya pili mishumaa iliwaka miwili. Amekufa mwingine. Nikatoka nje kupata hewa, nikaangalia nyumba ya jirani, shada. Ng'ambo ya barabara kwa Bwana Uwe, shada. Nyumba ya pembeni, shada, tena kubwa. Na hakuna turubai hata moja, hakuna anayelia, watu wanapita na mifuko ya madukani. Niliwaza basi limepinduka, niliwaza ugonjwa, jioni hiyo nilichemsha hata maji ya kupigia mswaki.

Nikampigia simu mke wangu, Mama Neema.

"Mtaa mzima umefiwa," nikamwambia.

"Yesu wangu. Umekwenda kuwapa pole?"

"Nimempa pole mwenye nyumba, akaniambia nifute viatu."

"Huyo amechanganyikiwa na msiba," akasema Mama Neema. "Nani anakaa naye?"

"Hakuna."

"Hakuna? Na wewe uko wapi?"

"Chumbani."

Nikamsikia akivuta kiti na kukaa. Kisha akasema, "Baba Neema, mtu amefiwa chumba cha pili na wewe umejifungia unasikiliza redio. Usije ukamsimulia mtu huku kwetu. Peleka kuni."

Kuni kule zinauzwa kituo cha mafuta, zimefungwa kwenye neti kama vitunguu. Nilibeba neti mbili, nikaongeza unga, sukari na majani ya chai, nikavificha chini ya kitanda. Jumapili ya tatu Bi Gerda aliwasha mishumaa mitatu, akaizima, akavaa koti jeusi akaenda kanisani. Mimi sikwenda. Msibani lazima abaki mtu wa kuandaa.

Nikaandaa. Makochi yote niliyatoa sebuleni nikayapanga koridoni, moja likakwama mlangoni nikaliacha hapo hapo. Zulia nikalikung'uta, nikatandika juu yake kitenge nilichopewa na Mama Neema na blanketi langu, akinamama wapate pa kukaa. Halafu nikatoka bustanini kuandaa upande wa wanaume. Nilikoka moto mzuri katikati ya majani ambayo Bi Gerda alikuwa akiyakata kwa mashine kila Jumamosi kabla theluji haijaanza. Viti vya nje havikuwepo, nikatoa vya ndani. Nilivitoa vyote. Nilikuwa mtu mwenye kazi, sikuangalia kipi ni kipi.

Kuni zilikuwa na unyevu kidogo. Moshi ulipanda hadi juu ya paa, na watu wa mtaa ule ambao kwa miezi yote hiyo sikuwahi kuona hata pua zao, wote walitokea. Waliniona ndani ya moshi wakanionea huruma, wakaita zimamoto. Gari likaja na king'ora. Mimi nilipoona watu wanajaa hivyo nilifurahi, nikasema kumbe msiba wanaujua, walikuwa wanangoja tu mtu wa kuanzisha. Nikamkaribisha kiongozi wa zimamoto kiti. Yeye alikuwa ameshika mpira wa maji.

Wakati huo huo Bi Gerda akafika kutoka kanisani.

Alisimama getini. Akaangalia gari jekundu, akaangalia moto, akachungulia koridoni kupitia mlango ulioachwa wazi.

"Bwana Ntandu," akasema polepole, "kochi langu linafanya nini mlangoni?"

"Nimelitoa ili waombolezaji wapate nafasi."

"Waombolezaji wa nani?"

"Mimi sijui," nikasema. "Wewe ndiye mfiwa. Sikutaka kukuuliza."

Nikaonyesha shada lake mlangoni. Nikaonyesha la jirani, na la kwa Uwe, nikawaeleza wote pale kwamba mishumaa pia nimeifuatilia, kila Jumapili anaongezeka mmoja, na kwamba kama serikali yao inawaficha jambo basi waniambie ukweli, mimi ni mtu mzima.

Uwe ndiye aliyeelewa wa kwanza. Alishika uzio, akaanza kutikisika. Akawaeleza wenzake kwamba kwetu shada ni la kaburini. Kiongozi wa zimamoto alikaa kwenye kile kiti nilichomkaribisha, akavua kofia, akacheka mpaka machozi. Bi Gerda sikuwahi kumsikia akicheka, na alipoanza nilidhani anakohoa. Alicheka akiwa ameshika tumbo, akaniambia kipande kipande, hili ni la sikukuu, Bwana Ntandu, ni la furaha, tunahesabu Jumapili nne mpaka Krismasi.

Mimi nilitamani moto unimeze. Nikawaza, sasa kweli naugua, kesho nakwenda kutafuta tiketi.

Ndipo akakiona kiti cha Heinrich. Kilikuwa pale kando ya moto, ngozi yake ya kahawia imeanza kushika masizi. Kicheko chake kikakatika. Na mimi nikakiona wakati huo huo. Watu wote wakakigeukia, maana mtaa mzima walikijua kile kiti cha dirishani. Nikaruka nikirudishe ndani, lakini Bi Gerda akainua mkono kunizuia. Akakisogelea, akapangusa theluji kwa glavu yake, akakikalia.

"Leteni hizo kuni," akasema. "Moto unazimika."

Wa zimamoto walimtazama mkubwa wao, naye akatazama pembeni. Uwe akavuka barabara kwenda kwake, akarudi na sufuria ya divai ya moto na kusimama nje ya geti, ingawa geti lilikuwa wazi.

"Hodi!" akapaza sauti.

Nikainama kwa Bi Gerda nikamnong'oneza jibu. Akalijaribu mdomoni kwanza, kisha akalisema kwa nguvu.

"Karibu!"

Wakaingia wote. Walikaa pale mpaka giza, wengine wamekuwa majirani tangu ujana na ndiyo mara yao ya kwanza kukanyaga bustani ile. Ule unga wangu mwanamke mmoja aliuchukua akarudi nao ukiwa keki. Tiketi sikuitafuta tena. Januari Bi Gerda alijiandikisha darasani kwangu, akanunua rula kama wenzake, na mimi nilimaliza muda wangu wote nikaongezewa mwingine. Nafasi yenu ikapona hivyo.

Siku hizi mnafundisha kwa simu na video, najua, na mtaniambia mambo ya milango yamepitwa na wakati. Haya. Nisikilizeni basi hili la mwisho, ni la Desemba iliyopita.

Bi Gerda alikuja kunitembelea hapa Mgori. Amezeeka, anatembea na fimbo, lakini Kiswahili anacho. Siku mbili kabla ya Krismasi Mama Neema alikwenda kwenye mazoezi ya kwaya, mimi nikaenda mjini kununua mchele. Nikamwacha mgeni uani na kuku. Yeye kwa kuchangamka, na kwa uzee ameshasahau shada kwetu ni la nini, akaamua kutupa zawadi. Alikata matawi ya uani, mvua zilikuwa zimeyanawirisha, akayasuka duara vizuri, akachomeka maua, akalitundika mlangoni kwangu.

Mtu mmoja tu alipita njia akaliona. Ilitosha.

Niliporudi na mchele wangu begani nilikuta uwanja umejaa. Kuni zimerundikwa, unga kwenye mabeseni, akinamama wameshatoa makochi yangu nje na sufuria kubwa imeshabandikwa. Mzee Hamisi amesimama kando na jembe na sururu, anauliza kaburi litakuwa upande gani. Nilishtuka nikampigia kelele, "Jamani, nani?" Jirani yetu Mama Saidi aligeuka, akaniona, akatupa mwiko.

"Mwalimu!" akapiga yowe. "Si umekufa wewe?"

Wengine walikimbia. Mzee Hamisi, ambaye tumekua pamoja, alinigusa kwa mpini wa sururu kwanza kabla hajanipa mkono. Na ndani, juu ya mkeka, Bi Gerda amezungukwa na wanawake wamemshika mabega wanalia naye. Aliponiona aliniuliza kwa wasiwasi, "Ntandu, kwa nini Krismasi yenu ina huzuni hivi?"

Niliwaeleza wao shada la kwao ni la nini, nikamkumbusha yeye la kwetu ni la nini, na kile kicheko nilichokisikia bustanini kwake nikakisikia tena mkekani kwangu, safari hii kijiji kizima. Mama Neema alifika akikimbia, kanga moja mkononi, akanikuta hai, akanipiga kofi la mgongo kwa hasira.

Tulipotulia, Bi Gerda alikuwa hacheki tena. Alikuwa anaziangalia kuni.

"Hawa wote walikuja," akasema. "Walijua nani amekufa?"

"Walidhani ni mimi. Lakini wangekuja kwa yeyote wa nyumba hii."

"Na sasa watarudi na kuni?"

"Hapana. Kwetu kuni ulizopeleka msibani huzibebi kurudi nazo."

Akaweka fimbo yake chini, akajisogeza vizuri mkekani, akamgeukia Mama Saidi na kumwambia kwa Kiswahili chake mwenyewe:

"Mume wangu alikufa. Zamani. Siku ile watu walikuja kaburini, walikunywa kahawa, wakaenda. Mimi nilirudi nyumbani, mimi peke yangu. Hakuna mtu alileta kuni."

Mama Saidi alimtazama. Alifuta machozi ya kicheko kwa pindo la kanga, akajifunga upya, akaketi tena karibu naye. Akinamama waliokuwa wamesimama nao wakaketi. Nje Mzee Hamisi akalilaza sururu lake ukutani taratibu, akavuta kigoda na kukaa.

"Pole sana, mama," akasema Mama Saidi. "Tumechelewa. Sasa tueleze, alikuwa mtu wa namna gani?"

Bi Gerda akaanza kusimulia. Alisimulia mpaka chai ikaiva, Heinrich wake na kiti chake na utani wake, Kiswahili chake kimejaa makosa kila mahali, na mimi mwalimu wake nilikaa pale mlangoni nikilia bila aibu, sikumsahihisha hata moja.